Nanaa imegeuka manjano, mrehani umelala: tatizo liko wapi?

Alasiri moja mwezi wa Machi, jua la kaskazi likiwa halijalegea hata kidogo, jirani yangu alipanda ngazi mpaka juu ya paa kwangu amekumbatia ndoo ya rangi kama aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Mwanangu, hebu nitizamie nanaa yangu. Asubuhi naitia maji, adhuhuri naitia maji, magharibi naitia tena, nayo ndiyo yazidi kulala."

Nikachomeka kidole. Udongo ulikuwa uji. Nikaiinamisha ndoo, maji ya rangi ya chai yakajikusanya upande mmoja, yakanuka kama mtaro. Nikainyanyua nitazame chini yake: hata tundu moja.

"Mama, hii haina kiu," nikamwambia. "Hii imezama."

Huyo hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mmea ukilegea, mkono unakimbilia kopo la maji kabla jicho halijatazama. Na katika mji huu wetu wa Mombasa maji yenyewe ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ama yamezidi, ama hayafiki chini, ama yana chumvi. Kwa hiyo yafuatayo yote yanaanza na sharti moja: weka kopo chini kwanza.

Uchunguzi wa dakika mbili

Ingiza kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Juu panaweza kuwa pakavu kama vumbi na chini kukawa matope, au kinyume chake. Kisha inyanyue ndoo au chungu uone uzito wake. Ukizoea, mkono utakuambia kabla ya kidole.

Halafu tazama ni majani gani yaliyogeuka manjano: ya chini yaliyozeeka, au yale machanga ya juu? Hili ndilo swali lenye faida kuliko yote, na ndilo ambalo hakuna mtu anayenijibu bila kurudi nyumbani kutazama upya. Pindua jani uone upande wa chini. Mwisho kumbuka mmea unalegea saa ngapi. Kulegea saa saba mchana na kulegea saa kumi na mbili asubuhi ni mambo mawili tofauti kabisa.

Unalegea mchana, jioni unasimama

Huu si ugonjwa. Mwezi wa Februari na Machi joto la Mombasa hupita digrii 32, na juu ya paa la zege huwa zaidi. Majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, basi mmea unajikunja kusubiri jua lipungue. Ukigusa udongo na ukaukuta una unyevu, uache. Ukimwagia kila unapouona umelala, utakuwa unatengeneza tatizo la pili.

Kitu cha kutazama ni ndoo yenyewe. Ndoo nyeusi iliyowekwa moja kwa moja juu ya zege inapika mizizi. Weka mikono yako ubavuni mwake saa nane mchana. Ukishindwa kuiacha hapo, na mizizi nayo inashindwa. Inyanyue juu ya vipande viwili vya mbao, ipake chokaa kwa nje (kwa nje, nasisitiza, sababu utaiona mbele), na utundike kipande cha makuti upande wa magharibi. Nanaa inatosheka na jua la asubuhi mpaka saa nne hivi. Mrehani ndio unaopenda jua la kutosha, na rozimeri zaidi yake. Kotmiri na joto hazipatani, nayo nitaifikia.

Mmea ambao umelala jioni na ukaamka asubuhi bado umelala, huo una jambo. Endelea kusoma.

Umelegea na udongo ni mbichi

Hapa ndipo ilipokuwa ile ndoo ya jirani. Mizizi inahitaji hewa kama sisi. Udongo ukijaa maji muda mrefu hewa inatoka, mizizi inakufa, na kuvu waozeshao wanaingia. Mizizi iliyooza haiwezi kuvuta maji, kwa hiyo majani yanaonyesha dalili za kiu ilhali mmea umesimama ndani ya kisima. Majani ya chini hugeuka manjano kwanza, laini, yanaanguka ukiyagusa tu.

Hakikisha kwa macho. Toa mmea na udongo wake wote. Mizizi hai ni myeupe na migumu. Iliyooza ni ya kahawia, telezi, na ukiivuta kati ya vidole ngozi inavuka inabaki kama uzi. Ile ya jirani ilivuka yote isipokuwa kichane kimoja pembeni.

Nanaa haifi kirahisi, hiyo ndiyo raha yake. Tulikata vichwa sita vya juu vilivyokuwa bado kijani, urefu wa kidole, tukang'oa majani ya chini, tukaviweka ndani ya bilauri ya maji kwenye kivuli dirishani, maji yakibadilishwa kila siku ya pili. Vichwa vya nanaa vilivyokatwa hivyo hutoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili. Mrehani nao unakubali mtindo huu. Rozimeri pia, ila ni mvivu, huchukua wiki kadhaa na ni afadhali uichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo kuliko majini. Kotmiri usijisumbue, sia nyingine.

Ndoo ikatobolewa matundu manane kwa msumari uliopashwa moto jikoni. Na hapa nataka kuondoa imani moja: kokoto chini ya chungu hazisaidii kutoa maji. Maji hukaa kwenye udongo ulio juu ya kokoto mpaka ujae ndipo yashuke, kwa hiyo unachofanya ni kuisogeza tope karibu na mizizi. Matundu na udongo mwepesi ndiyo dawa.

Udongo mwepesi naupata hivi: sehemu mbili udongo, moja mchanga wa mtoni, moja mboji au samadi iliyokaa. Mchanga wa pwani usiuguse. Una chumvi, na umejaa vipande vya makombe na matumbawe. Makumbi ya nazi yaliyosagwa ni mazuri sana kulegeza udongo, lakini uliza yalikotoka. Wanaotengeneza kamba huyafukia makumbi ufuoni mpaka yalainike, na yale yamelewa maji ya bahari. Yaroweke kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, mwaga, roweka tena, mara tatu, kabla ya kuyachanganya.

Wakati wa masika, na hasa Mei, hata ndoo yenye matundu inaweza kuzidiwa. Rozimeri yangu naiingiza chini ya kibaraza mvua zinapoanza na haitoki mpaka kusi ikaushe mambo. Wanaolima ardhini huko Changamwe na Mikindani wana udongo mzito wa mfinyanzi unaoshika maji. Huko inua tuta, usipande kwenye shimo.

Kingo za majani zimeungua, udongo umeota ukoko mweupe

Hii ndiyo sura ya Mombasa hasa, na ndiyo iliyonigharimu mimi mwenyewe.

Mwaka mmoja mifereji ya mtaani kwetu ilikauka wiki kwa wiki. Tukawa tunanunua maji ya mkokoteni, mtungi wa lita 20, na mwenye mkokoteni alikuwa akiyateka kisimani. Ya kunywa tulitafuta kwingine. Hayo yalikuwa ya kufulia na kwa mimea yangu. Nilikuwa na mrehani uliofika kiunoni, wa kutia kwenye vikuba, vile vishada vya kunukia, vya mama na shangazi zangu. Kwanza ncha za majani ya chini zikawa kahawia kama zimeguswa na kiberiti. Kisha kahawia ikatambaa kwenye kingo, ndani ya jani pakawa manjano. Nikadhani ni kiu, maana maji yalikuwa ya kununua na nilikuwa nikiyapima kwa kikombe. Nikaongeza vikombe. Ndani ya mwezi ule mrehani ulibaki vijiti.

Siku nilipoonja yale maji ndipo nilipofahamu.

Chumvi ikizidi udongoni huyashikilia maji, mizizi ikawa inavuta na hayaji. Mmea unalegea ilhali udongo una unyevu, kama mtu mwenye kiu katikati ya bahari. Na chumvi iliyoingia ndani husafiri na maji mpaka mwisho wa jani, maji yanaruka na jua, chumvi inabaki. Ndiyo maana ncha na kingo ndizo zinazoungua kwanza.

Dalili nyingine ziko nje ya mmea. Ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye midomo ya chungu. Birika lenye magamba meupe ndani. Sabuni isiyotoa povu. Kwa visima, jua pia kwamba ladha hubadilika na majira: kisima kilichokuwa kitamu masika kinaweza kuwa na chumvi ifikapo kaskazi, kwa sababu maji baridi yamevutwa sana na ya bahari yanapenya chini ya mwamba kuziba nafasi.

Tiba ni kuosha udongo. Chukua maji baridi yasiyo na chumvi, kiasi mara mbili ya ujazo wa chungu, yamimine taratibu mpaka yote yatoke chini, na usiache chungu kikae kwenye kisahani kikayanywa tena. Kwa chungu cha lita 5 ni lita 10. Baada ya hapo mbolea nayo itakuwa imeondoka, kwa hiyo subiri wiki mbili ndipo ulishe kidogo.

Maji hayo utayatoa wapi pasipo maji? Mvua, kwanza. Pipa moja chini ya mlizamu wakati wa masika na vuli hukuvusha siku nyingi. Pili, yale matone ya eisi, yaani kiyoyozi. Ule mrija unaodondosha ukutani ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, hauna chumvi wala chokaa. Kwa joto letu mashine moja inayofanya kazi mchana kutwa hujaza mtungi bila shida. Hayana lishe, na si ya kunywa, lakini kwa kuosha chungu sijaona kama hayo.

Kama huna budi kutumia maji ya kisima, usiyatie kidogo kidogo. Kile kikombe changu cha kupimia ndicho kilichoua: maji yalikuwa yanaishia juu, yanakauka, chumvi inarundikana, kesho tena. Mwagia mara chache, na kila mara mpaka yatoke chini. Na maji hayo yape rozimeri, ambayo huvumilia chumvi kuliko wenzake. Nanaa, mrehani na kotmiri wape yaliyo matamu. Maji ya kuoshea samaki yaliyotiwa chumvi, ambayo watu huyarusha kwenye vyungu eti yana mbolea, yaache yaende mtaroni.

Walio karibu na ufuo, Nyali au Likoni, upepo wa kusi nao huwaletea rasharasha ya chumvi juu ya majani. Ikiwa upande unaotazama bahari ndio uliokauka peke yake, ni upepo. Nyunyizia maji baridi jioni na uweke kizuizi.

Majani machanga manjano, mishipa bado kijani

Jani la juu limekuwa manjano hafifu, karibu jeupe, na mishipa imebaki kijani kama ramani ya mito. Huo ni upungufu wa madini ya chuma. Lakini mara nyingi chuma kimo udongoni, ila kimefungwa, na aliyekifunga ni chokaa.

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Katika nyua za Mji wa Kale mambo huzidi, maana udongo wake umechanganyika na kifusi cha kuta: mawe ya matumbawe, lipu, chokaa iliyobanduka miaka nenda miaka rudi. Niliwahi kuitwa kwenye ua mmoja ambao kila kilichopandwa kando ya ukuta kilikuwa cheupe, na kilichokuwa ndani ya debe hatua mbili pembeni kilikuwa kijani kibichi. Nikachota kijiko cha udongo wa ukutani nikakikamulia ndimu. Ukachemka, ukatoa vipovu kama soda. Nikafanya hivyo kwa udongo wa debe, ukanyamaza. Kipimo hicho unaweza kukifanya leo, kwa ndimu au siki. Ukiona povu, kuna chokaa.

Wazee watakuambia ufukie msumari wenye kutu. Nia ni njema, lakini kutu haiyeyuki kwenye udongo wa chokaa, ni kama kumpa mwenye njaa mkebe bila kifungulio. Kumwagia siki nako hakufiki mbali; mwamba ni mkubwa, chupa ni ndogo. Njia nyepesi ni kuhama: panda kwenye debe au gunia lenye udongo wa kuletwa na mboji nyingi. Ukitaka kutibu papo hapo, kwenye maduka ya pembejeo ulizia mbolea ya chuma aina ya EDDHA. Ile ya EDTA hushindwa kwenye udongo wenye chokaa nyingi, kwa hiyo soma karatasi kabla ya kulipa. Na sasa unajua kwa nini nilisema chokaa ya kupaka ndoo ikae nje tu.

Majani ya zamani manjano yote, mmea umedumaa

Njaa ya naitrojeni. Mmea unavua kwa wazee ili uwavishe vijana. Huonekana sana kwenye mchanga wa Kisauni na Bamburi, ambako mvua moja inaosha kila kitu, na kwenye nanaa iliyokaa ndoo moja mwaka mzima mpaka mizizi ikajizungusha kama kamba. Hiyo ya pili igawe kwa kisu, upande robo yake kwenye udongo mpya.

Samadi ya mbuzi haikosekani mitaani kwetu, lakini iwe imekaa miezi mitatu au zaidi, isiwe na joto wala harufu kali. Ya kuku ni kali kuliko hiyo. Ikiwa mbichi inaunguza mizizi na utarudi kwenye dalili za chumvi. Ukitumia CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, nusu kijiko cha chai kwa ndoo ya lita 20 kinatosha, mbali na shina, kisha maji. Kama umanjano uko katikati ya mishipa ya majani ya zamani, si jani zima, huenda ni magnesi. Kijiko cha chai cha chumvi ya Epsom ndani ya lita moja ya maji, nyunyizia majani.

Madoa, vumbi na wageni wa chini ya jani

Pindua jani. Vitone vingi vya manjano juu, na chini utando mwembamba wenye vijidudu kama vumbi linalotembea: utitiri. Hupenda joto kavu la kaskazi. Tikisa mmea, wingu la vijinzi vyeupe likiruka, hao ni nzi weupe. Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, fuata njia yao na utakuta vidukari au vidung'ata, kwani wanawafuga kwa ajili ya utamu wao.

Wote hao naanza nao kwa maji ya nguvu chini ya majani, siku tatu mfululizo. Wakigoma, mwarobaini: twanga konzi mbili za majani, roweka usiku kucha ndani ya lita mbili, chuja, tia sabuni ya maji kijiko kidogo, nyunyizia jua likishatua. Jaribu jani moja kwanza. Na kwa kuwa haya ni majani ya kuliwa, yaoshe vizuri kabla hayajaingia chai. Uchungu wa mwarobaini hausitiriki kwa sukari.

Magonjwa yenyewe ni machache. Mrehani wenye mabaka ya manjano yanayokomea kwenye mshipa, na chini yake ukungu wa kijivu unaoelekea zambarau: ng'oa majani yaliyopata, punguza msongamano hewa ipite, usiloweshe majani jioni. Nanaa yenye vipele vya rangi ya chungwa chini ya jani ina kutu. Ikate mpaka chini iote upya. Mrehani uliolegea upande mmoja, na ukipasua shina unaona michirizi ya kahawia, hauna dawa. Utupe pamoja na udongo wake, wala usipande mrehani mwingine ndani ya udongo huo. Vinundu kwenye mizizi, hasa kwenye mchanga, ni minyoo ya mizizi. Utandaze udongo ukiwa na unyevu chini ya nailoni angavu kwenye jua la kaskazi wiki nne mpaka sita.

Kotmiri imekonda na kupauka

Swali hili huja kwa wingi Ramadhani inapokaribia, kila mtu akitaka ya kwake ya chatne na bajia. Imerefuka ghafla, majani ya juu yamekuwa membamba kama nyuzi, ya chini manjano, na watu wanaitia mbolea.

Haiumwi. Imezeeka. Kotmiri ni ya msimu mmoja, na joto likizidi huharakisha kutoa maua; mwezi wa Februari inaweza kufanya hivyo kabla hujakata hata mara mbili. Panda zaidi kati ya Juni na Agosti, na miezi mingine ipe kivuli baada ya saa nne. Sia moja kwa moja pale itakapokaa, maana kuhamishwa nako kunaiharakisha kuchanua. Ponda mbegu kidogo igawanyike mbili, roweka usiku mmoja, na usie konzi mpya kila baada ya wiki mbili badala ya kungoja ile ya kwanza iishe.

Ile iliyokwisha kutoa maua iache ikauke. Mbegu zake ndizo giligilani: nusu iende kwenye kinu, nusu irudi kwenye ndoo.